Nani Anasema? Mwalimu Chepngeno na Riwaya Asiyoimaliza

Mwalimu Rodah Chepngeno anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba, baada ya kufundisha Kiswahili katika Shule ya Upili ya Mawe Matatu, hapa Kiamunyi, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo amepitia walimu wakuu sita, mapaa mawili ya mabati, na riwaya moja. Riwaya yenyewe hajaimaliza.

Kamati ya sherehe iliomba wasifu mfupi, wenye furaha, usiozidi ukurasa mmoja. Tumejaribu. Lakini mtu aliyetuchosha muda wote huo haagwi kwa ukurasa mmoja, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuuliza ni nani aliyesema uwe mmoja.

Alizaliwa Keringet, akasomea huko, akahitimu ualimu, akaletwa hapa mwaka 1994 akiwa na sanduku la bati na redio isiyoshika stesheni ila akiishikilia yeye. Kiamunyi ya siku hizo ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba za kutafuta kwa macho. Leo mahindi yamebaki kwenye sahani. Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na jambo la kwanza alilouliza mgeni huyo, kabla hata hajaonyeshwa choo, ni ufunguo wa kabati. Ndani mlikuwa na chaki, wavu wa voliboli na nakala za *Msimu wa Pareto*, riwaya iliyokuwa kitabu teule cha mtihani wakati huo. Akaichukua akaingia nayo darasani. Kabla hajafika katikati ikaondolewa kwenye orodha ya vitabu teule, zikaja nyingine, zikaondolewa nazo. Hizo zote alizifundisha na kuzimaliza bila taabu. *Msimu wa Pareto* akaihamishia kwenye chama cha wasomaji, Jumatano baada ya masomo, akaendelea nayo polepole kama mtu anayetoa miba. Mwaka juzi riwaya ikarudishwa kwenye orodha. Shule nzima tulifurahi. Tulisema, sasa ataimaliza.

Hatukumjua.

Kwa wageni ambao hawajaisoma, na kwa wanafunzi wake wa zamani walioisoma nusu, *Msimu wa Pareto* ni hadithi ya shamba la mzungu kule juu Molo, miaka ya hamsini. Msimulizi ni Natalie, binti wa mwenye shamba, mwenye umri wa miaka saba. Nyumbani kwao kuna mfanyakazi ambaye kila mtu anamwita Boi. Boi, lete maji. Boi, shika farasi. Natalie ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na kitabu chake cha shule kimemwambia kwamba neno hilo, kwa lugha ya kwao, maana yake ni mtoto wa kiume. Basi anaamini kwamba Boi ni mtoto mwenzake, ila mwili wake uliharakisha. Anamgawia peremende. Anamfundisha a, e, i, o, u. Anamuuliza mbona mama yake haji kumchukua jioni.

Kisha banda la kukaushia maua ya pareto linateketea, na Boi anashtakiwa. Natalie alimwona kaka yake mkubwa, Lewis, akitoka bandani na kiko kinachofuka moshi. Anapelekwa mahakamani Nakuru, anasimamishwa juu ya kiti ili aonekane, na badala ya kuanza na habari ya kiko, anaanza na lile ambalo kwake ni kubwa zaidi: kwamba Boi hawezi kufungwa kwa sababu ni mtoto, na watoto hawafungwi. Mahakama inaangua kicheko. Kicheko kinapokwisha, hakuna tena anayemsikiliza mtoto wala kiko chake. Boi anafungwa miaka saba. Jina lake halisi halitajwi popote mpaka ukurasa wa mwisho.

Hiyo ndiyo hadithi. Mwenzetu Kipyegon, kijana mchapakazi wa idara hiyohiyo ya Kiswahili, aliimaliza na darasa lake kwa wiki mbili, na katikati kulikuwa na michezo ya kaunti. Mwalimu Chepngeno alitumia karibu muhula mzima kwenye sentensi ya kwanza. Sentensi yenyewe ni hii: "Boi alikuwa rafiki yangu mdogo kuliko wote."

"Nani anasema?" anauliza Mwalimu.

"Kitabu, Madam."

"Kitabu hakina mdomo."

"Mwandishi, Madam."

"Mwandishi ana miaka saba?"

"Aah. Natalie."

"Na Natalie amejuaje kwamba Boi ni mdogo?"

"Amesikia akiitwa, Madam."

"Na nani?"

Hapo kengele inalia. Kesho yake anaanza tena palepale, na wale waliodhani wameokoka wanakuta swali limewangojea ubaoni. Tunajua haya yote kwa sababu ukuta kati ya sisi wa maktaba na Kidato cha Nne ni mbao nyembamba, na mtu hawezi kusoma kitu chake kwa amani huku jirani akiuliza nani anasema.

Lingebaki darasani tungevumilia. Swali hilo lilitoka, likazunguka shule nzima. Mpishi akitangaza sukari imekwisha, Mwalimu anauliza nani anasema, na inabidi mtu atoke akachungulie pipa. Mkutano ukitangazwa wa saa nne, nani anasema. Fundi wa paa alipodai mabati yake hayawezi kupata kutu, aliulizwa mara tatu mfululizo, akashuka ngazi na kwenda zake, paa likabaki wazi hadi Jumatatu. Ilinyesha Jumapili.

Kule Kariandusi ndiko alikotumaliza kabisa. Aliwapeleka wanachama wa chama cha wasomaji wakaone mashoka ya mawe ya watu wa kale. Kijana wa kutembeza wageni, mwenye adabu na kofia, akaeleza kwamba mashoka hayo yalitumika kuchuna wanyama. Mwalimu akauliza nani anasema. "Ni wataalamu, mathe," kijana akajibu. Mwalimu akataka kujua wataalamu wameambiwa na nani, kwa kuwa wenye mashoka hawakuacha neno. Kijana akavua kofia. Wakasimama mbele ya jiwe lile mpaka chakula cha mchana kikapoa kwenye gari, na tulipoondoka kijana alikuwa bado amelikodolea jiwe macho kama analiona mara ya kwanza. Wali ulikuwa baridi. Tunautaja kwa sababu tuliula.

Haki yake lazima tumpe. Mwaka ule mji mzima ulipojaa uvumi kwamba mtihani umevuja, na watoto wa shule kadhaa wakakesha wakikariri majibu ya bandia, darasa lake lilijiuliza swali lilelile, likaenda kulala. Walipita vizuri. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani sasa ni wakili hapa Nakuru mjini, na tunaambiwa huanza kumhoji kila shahidi kwa maneno mawili yaleyale. Mahakimu hawampendi. Wateja wanampenda sana.

Sasa tufike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo nusura litunyime sherehe hii.

Mnamo Juni, shule za ukanda wetu zilifanya mtihani wa pamoja wa majaribio. Swali la riwaya lilikuwa hivi: "Usafi wa moyo wa utotoni ndio nguzo ya riwaya hii. Thibitisha ukirejelea wahusika wawili watoto." Mwongozo wa kusahihisha ulitaka Natalie na Boi. Usishangae. Kuna kijitabu kimoja cha jalada la kijani, kinachouzwa kila duka la vitabu, ambacho kinachambua riwaya nzima kwa kurasa chache, na humo imeandikwa: "Boi: mtoto mtiifu, mcheshi, rafiki wa Natalie." Aliyekiandika alikisoma kitabu kwa macho ya Natalie, akamwamini, akaenda zake. Na watoto wa siku hizi, ambao hawajawahi kusikia mzungu akimwita babu yao hivyo, watajuaje? Wakakariri: Boi ni mtoto mtiifu.

Watoto wetu waliandika kwamba kitabu kizima kina mtoto mmoja tu mwenye usafi huo, na wa pili ni mtu mzima aliyeitwa mtoto na watu waliojua fika kwamba si mtoto. Tabby Wangui, msichana mkimya wa dawati la dirishani, aliandika sentensi ambayo Mwalimu anaikumbuka bila karatasi: "Kazini alikuwa mtoto, kifungoni akawa mtu mzima." Msahihishaji akaipigia mstari mwekundu, akampa sufuri, na pembeni akaandika: "Soma kitabu."

Soma kitabu! Kuna watu kwenye darasa lile ambao kwa karibu muhula mzima hawakufanya kingine.

Hebu tuseme waziwazi Mwalimu alikuwa akifundisha nini, maana wakati ule kila mtu alidhani ni ukaidi. Alikuwa akisema kwamba usafi wa Natalie si wema. Wema anao pia, lakini usafi wake ni kwamba anaamini maneno yanamaanisha yanachosema. Amepewa neno na watu wazima, akalivaa bila kuligeuza akaona ndani lina nini. Neno lenyewe limetengenezwa na watu wasio safi hata kidogo, kwa kazi maalum: ukimwita mtu mtoto, huna haja ya kumsalimu kwanza, wala kumuuliza kama amekula. Natalie alipolitoa neno lile mahakamani kwa maana yake ya kitabuni, watu walicheka kwa sababu walijua. Wote walijua. Kicheko kile, Mwalimu aliwaambia, ndicho ushahidi pekee wa kweli uliotolewa siku hiyo, na kilitolewa na waliomfunga.

Haya mambo huwezi kuyaweka kwenye kijitabu cha kijani. Hayaingii kwenye jedwali.

Maksi zilipotoka, darasa lilikuwa la mkiani. Wazazi wakaja. Mwalimu Mkuu, Bwana Ndegwa, ambaye ni mtu wa haki na mtu wa Kemia, alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto.

"Mwalimu," akamwambia, "mimi mambo ya fasihi sijui. Lakini kama mwongozo unasema ni mtoto, si ni mtoto tu?"

"Nani anasema, Mwalimu Mkuu?"

"Mwongozo!"

"Na mwongozo umeambiwa na nani?"

Bwana Ndegwa akashika kichwa. Lakini uamuzi alikuwa ameshaufanya. Mwalimu akate rufaa kwenye jopo la Kiswahili la ukanda. Jopo likikataa, Kidato cha Nne kinakwenda kwa Kipyegon na kijitabu chake, na Mwalimu Chepngeno amalizie muhula wake wa mwisho akisaidia maktaba. Maktaba haikuulizwa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hapo. Miaka thelathini na mmoja, halafu uondoke shuleni kama mwalimu aliyenyang'anywa darasa, huku watoto ulioshinda nao wakiambiwa walichokiona kitabuni hakimo. Na angeweza kuyaepuka yote kwa kusema neno moja. Tulimsihi. Wapishi walimsihi. Kipyegon, ambaye hakulitaka darasa lile hata kidogo, alimfuata mpaka kwenye mfereji wa maji: "Madam, sema tu ni mtoto. Mtihani ukiisha anakuwa mzee tena."

Mwalimu akamtazama kijana wa watu kwa huruma, akamuuliza nani anasema mtihani huwa unaisha.

Jopo lilikutana Jumamosi moja ya Julai kwenye shule moja ya Gilgil. Mwandishi wa wasifu huu alikuwepo, kwa kuwa mtu alihitajika kubeba nakala. Kufikia saa sita hakuna lililoamuliwa, na kikao kikahamia kwenye vibanda vya nyama choma vya Kikopey, kwa sababu haijatokea jopo likawa Gilgil likaamua kitu bila kupitia kwenye nyama.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Sitati, mwalimu wa miaka mingi, mwenye sauti ya uwanja wa michezo. Mbele yake kulikuwa na kijitabu cha kijani na sahani ya pilipili. Mwalimu Chepngeno alisoma pale Natalie anaposema nywele za Boi zina majivu yasiyotoka kwa maji. Akasema: hizo ni mvi, mtoto hajui. Bwana Sitati akasema hiyo ni tamathali ya usemi, majivu ni ishara ya huzuni. Mwalimu akasoma pale kijana mrefu anapomjia Boi na kumwamkia, na Natalie anafikiri ni kaka wa Boi. Akasema: huyo ni mwanawe. Bwana Sitati akasema hiyo ni kinaya. Mwalimu akasoma pale Boi anaposhika mgongo kabla ya kuinama.

"Taswira," akasema Bwana Sitati. "Madam, tusizunguke. Neno ni boi. Boi ni mtoto. Hata kamusi."

Wanajopo wakaitikia kwa vichwa. Njaa ilikuwa kali. Nyama ikaletwa ubaoni, na mkata nyama akauliza, "Mathe, nikate vidogo ama vikubwa?" Mwalimu akasema vidogo. Hapo simu ya Bwana Sitati ikalia.

Akaipokea palepale, kwa ile sauti yake.

"Eeh. Ng'ombe amekunywa? Na huyo shamba boi yuko wapi? ... Mwambie aache kukaa kivulini, akate nyasi. Nikifika nisipate hajakata. Eeh, sawa."

Akaiweka simu kando ya ugali. Mwalimu Chepngeno alikuwa na chumvi kwenye ncha za vidole. Akauliza polepole, kama mgeni anayeulizia hali ya familia ya mwenyeji:

"Huyo mtoto wa shambani kwako, Bwana Sitati, yuko darasa la ngapi?"

"Mtoto gani?"

"Boi."

"Huyo?" Bwana Sitati akacheka. "Huyo ni mzee, Madam! Ako na meno ngapi sasa, nne?"

Meza yote ikaangua kicheko. Sisi pia, na nakala mikononi. Mwalimu akangoja kicheko kiishe. Aliwahi kulifundisha darasa zima kungoja kicheko kiishe.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Bwana Sitati akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa cha chini mno kwa mtu wa sauti ile. "Sisi tunamwitanga tu shamba boi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Akaichukua simu, akampigia mke wake, na kwa kuwa yeye huongea na kusikiliza kwa sauti moja, wote tulisikia jibu likitoka kwenye kile kisimu: "Jina ya nani? Shamba boi? Baba watoto, si anaitwa shamba boi!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Watu walitazama nyama. Mmoja wa wanajopo, ambaye hatutamtaja, alianza kusogeza midomo kama anayejaribu kukumbuka jina, na tulipomwona hivyo nasi tukajikuta tunamkumbuka mzee anayefyeka nyasi hapa shuleni, na ule mlango wa stoo ya majembe ulioandikwa kwa rangi nyeupe neno lilelile.

Lililobaki ni kwa Mwalimu kuuliza swali lake. Alikuwa na haki nalo. Tulimwona akilikaribia, tukajikunja. Badala yake akaramba chumvi vidoleni, akamwomba yule kijana wa nyama amletee kachumbari. Kwa miaka thelathini na mmoja, hiyo ndiyo mara moja tuliyomwona akiliacha.

Jumatatu asubuhi Bwana Sitati alipiga simu shuleni, akaomba kuongea na Mwalimu Chepngeno, na Mwalimu Mkuu akaiweka simu kwenye sauti kwa sababu naye hakutaka kukosa.

"Anaitwa Zakayo Gachanja," Bwana Sitati alisema. "Nilimuuliza jana jioni. Anasema alifikiri tunajua."

Wiki hiyo mwongozo wa kusahihisha ukabadilishwa. Ungedhani mambo yameishia pazuri, lakini jopo ni jopo. Liliamua kwamba walioandika Boi ni mtu mzima wapewe maksi zao, na walioandika Boi ni mtoto nao wasinyang'anywe zao, ili amani idumu. Mwalimu Chepngeno alikasirikia uamuzi huu kuliko alivyowahi kuikasirikia sufuri. Alizunguka chumba cha walimu siku mbili akiuliza mtu anawezaje kuwa mzee na mtoto katika kitabu kimoja, mpaka Kipyegon akamjibu kwamba hivyo ndivyo hasa ilivyokuwa kule Molo. Mwalimu akasimama. Akamtazama tena, safari hii kwa macho mengine, akamwambia aliandike hilo lisipotee. Ni sifa ambayo wengine wetu tumeingoja tangu 1994.

Tabby Wangui alipandishwa kutoka sufuri hadi kumi na saba. Maksi tatu zilikatwa kwa tahajia. Mwalimu alikubaliana nazo.

Neno lile mlangoni pa stoo limepakwa rangi. Bwana Ndegwa mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye kiti na brashi, na sasa pameandikwa "Bw. Kang'ethe", kwa herufi zinazoteremka kidogo upande wa kulia. Bwana Kang'ethe ameutazama mlango, akasema rangi hiyo ingetosha pia kwa geti.

Kidato cha Nne alirudishiwa, na amekuwa nao mpaka wiki hii. Jumatano, kipindi chake cha mwisho kabisa hapa Mawe Matatu, alifika ukurasa wa pili kutoka mwisho. Hakuna darasa lake lililowahi kufika huko. Natalie sasa ana miaka kumi na minne, amesimama nje ya gereza na mfuko wa peremende. Mlango unafunguliwa, anatoka mzee mwenye fimbo. Natalie anafungua mdomo ili amwite, na hapo ndipo anapotambua kwamba hajui amwite nani. Ukurasa unaishia hapo.

Kengele ikalia. Wenzetu, ukuta huu ni mwembamba, tulikuwa tumeubandikia sikio. Tulisikia kitabu kikifungwa.

"Tutaendelea," akasema Mwalimu.

"Madam!" Ilikuwa sauti ya Tabby, yule mkimya. "Lini sasa? Si Ijumaa unastaafu?"

"Nani anasema?"

Walicheka mpaka madawati yakapiga sakafu. Wanasema Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa upande wa sweta, akaipangusa tena ilhali ilikuwa imeshatakata, na hakuna aliyetoka kwenda chakulani mpaka alipotoka yeye.

Kwa hiyo ratiba ya leo imebadilishwa, na wageni watuwie radhi. Nambari saba, palipokuwa na hotuba ya mgeni wa heshima, Mwalimu Chepngeno atasoma ukurasa wa mwisho wa *Msimu wa Pareto*. Mgeni wa heshima amekubali, na uso wake ulionyesha nafuu. Chakula hakitapakuliwa mpaka asome neno la mwisho. Mpishi alipoarifiwa aliuliza nani anasema. Kidato cha Nne wameapa hawajachungulia. Kipyegon, aliyemaliza riwaya kwa wiki mbili, anasema jina la yule mzee limemtoka, maana halikuwa kwenye kijitabu cha kijani. Bwana Sitati amethibitisha atafika, na ameomba viti viwili.

Mwalimu, shule inakushukuru kwa kila kitu ulichokataa kukiamini kwa haraka. Inakushukuru kwa paa lililovuja, kwa wali baridi wa Kariandusi, na kwa watoto mamia ambao hawawezi tena kusoma tangazo ukutani bila kulitilia shaka. Nenda Keringet kwa ng'ombe wako, ambao tunawapa pole mapema. Uwe na afya, uwe na mvua kwa wakati wake, uwe na majirani wenye subira kuliko sisi. Ufunguo wa kabati uliurudisha mwaka 1998; wa maktaba bado uko nao, na hatutauulizia.

Sisi wa maktaba tunazijua nakala zile. Kurasa za kwanza zimechakaa, zimebandikwa gundi juu ya gundi, zina alama za vidole vya watu ambao sasa wana watoto wao. Ukurasa wa mwisho ni mweupe kama siku ulipotoka kiwandani. Jina la yule mzee liko pale, mstari wa nne kutoka chini. Tunalijua. Hatukuliandika hapa, Mwalimu, kwa sababu tunataka tulisikie, na tunataka awe ni wewe anayesema.